Kuni kwa Mtoto Mzima

Kianyaga, Jumamosi

Mama yangu mzazi,

Sasa hivi mjukuu wako Wekesa amekojolea karatasi niliyokuwa nimeanza, halafu akalala kama si yeye. Kwa hiyo hii ni ya pili, na ile ya kwanza ilikuwa na maneno mazuri zaidi. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe amezaa? Sisi tu wazima, ila mtoto ana kikohozi cha baridi ya huu mlima. Baba Wekesa bado yuko Wang'uru, wamepelekwa polisi wengi kulinda mpunga, na hii ni wiki ya tatu niko peke yangu kwa hii ploti ya wapangaji wasionitaka.

Nafula, wewe unayemsomea Mama, ukifika mahali pa matusi usiruke. Msomee yote.

Mama, barua iliyopita nilikuomba umtume ndugu yangu Barasa aje anichukue mimi na mtoto. Sikukuambia sababu. Hapa tuna mfereji mmoja, na maji huja asubuhi kidogo tu. Tunapanga madebe kwa laini, na kila siku nalikuta langu limesukumwa nyuma. Nikiuliza, wanaongea Kikuyu wao kwa wao na kucheka. Mkubwa wao ni Mama Njoki wa chumba cha pili, mwanamke mwenye sauti ya mnada. Siku moja aliniambia, "Wewe bibi ya polisi, kwani debe yako iko na cheo?" Nikamjibu, "Na mdomo wako hauna kifuniko?" Tangu hapo hata salamu hakuna. Nilipojifungua, hakuna aliyekuja kuniona.

Sasa Jumanne nasikia mlango unagongwa. Nafungua, nakuta wanawake watano wameinama, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wakaitupa mlangoni pangu, puu, puu. Hakuna aliyetabasamu.

Mama, wewe unajua kwetu jirani akikuletea kuni amekuja kwa nini. Ni za moto wa matanga. Na mwanangu alikuwa kitandani anakohoa. Nikaona hawa wamekuja kumlilia kabla hajafa.

"Ni nani amekufa?" nikawauliza. "Mtoto wangu anapumua. Chukueni kuni zenu mkawalilie wa kwenu." Nikausukuma mzigo mmoja kwa mguu, ukabingirika mpaka kwenye matope.

Mama Njoki aliniangalia sana. "Haya," akasema. "Umesema." Wakaenda. Kuni zikabaki.

Siku mbili zilinyeshewa na hakuna aliyezigusa. Alhamisi akaja Cucu, ndiyo nyanya, mama mzee wa mwenye ploti. Akaketi kitandani pangu na kuuliza, "Ati umefukuza itega?"

"Itega ni nini?"

"Mtoto akizaliwa, wanawake wanaletea mama yake kuni, ndio asiende kutafuta akiwa na kidonda. Hawa walienda mpaka ng'ambo ya mto. Kwenu mnaletewa nini?"

"Kuku na unga."

"Na kuni?"

"Kuni ni za matanga, Cucu."

Akajifunika uso na shuka. Nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka akakohoa kumshinda Wekesa. Halafu akajifunua uso. "Lakini haiwezi kurudi kwao," akasema. "Iliyoletewa mtoto ni ya mtoto. Itaoza hapo."

Siku hiyo ndiyo makaa yangu yaliisha. Chumba kikawa baridi, na kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi.

Jana asubuhi, wote wakiwa mferejini, nikamfunga Wekesa mgongoni nikatoka kuziokota kwenye matope, moja moja, mbele yao. Nikasema, "Nimekosa. Kwetu kuni ni za maiti. Niliogopa." Nikabeba nilizoweza. Mara Mama Njoki akaja mbio akaninyang'anya zote. Nikajua leo napigwa.

"Hii imelowa," akasema. "Unataka kumaliza mtoto na moshi?"

Akaingia kwake, akatoka na kuni kavu za juu ya meko yake. Mlango wake ulikuwa wazi, nikaona hakubakiza hata moja. Akazitupa sakafuni kwangu. "Usinishukuru. Hatukuletea wewe, tuliletea mtoto. Wewe tutagombana mpaka mfereji ikauke."

Baadaye akarudi na uji wa wimbi uliochachuka, akanisimamia mpaka nikaumaliza, akinitukana ati namfunga mtoto kama gunia. Mama, bado simpendi. Lakini mimi ningefukuzwa vile, kuni zangu ningezirudia siku hiyo hiyo na mtoto wake ningemwacha na baridi.

Kifua kimetulia. Nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli, na kukhu, nyanya yetu aliyempa mtoto jina, mwambie Wekesa ana masikio yake kabisa. Nafula, asante kwa kusoma, na wewe utaolewa mahali pa baridi uone.

Sasa kuhusu Barasa, Mama, kama hajapanda basi, nilikuwa nimefikiri kwamba, ngoja, huyo Mama Njoki ananiita kutoka mferejini, ati, "Wewe bibi ya polisi, nimeweka debe yako mbele ya yangu, na mimi si askari wa kuilinda, kuja." Mwambie Barasa asije.