Kichwa Changu Si cha Mbuzi

Talaso mjukuu wangu, salaam aleikum kutoka Chechelesi. Nyumbani wote wazima, na yule ngamia mkali amezaa. Usicheke nikikuita mjukuu: mimi ni mdogo wa babu yako, kwa hiyo ni babu kamili. Ndevu zitafuata.

Unauliza kama utakufa, kwa sababu ulianguka uwanjani shuleni, ukapigwa picha ya kichwa, na daktari akaona mfuko mdogo wa maji. Alisema hauna shida, lakini huamini. Mimi pia ninao! Nilianguka na pikipiki, wakapiga picha, wakauona.

Babu yako alishtuka, maana mbuzi mwenye maji kichwani huzunguka mpaka afe. "Guyo, tembea nikuone!" Nikazunguka makusudi. Akanirushia kiatu, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Tukarudi kwa daktari pamoja.

"Maji ya mbuzi huletwa na mnyoo," daktari alisema. "Mfuko huu umezaliwa nao. Kichwa kikiuma sana au ukitapika, rudi." Picha ya pili ilionyesha mfuko haujakua.

Wewe pia muulize daktari wako yote, halafu urudi uwanjani. Ukija likizo, babu yako atasimama mlangoni akuangalie unavyotembea. Usifanye mchezo wangu. Tembea moja kwa moja mpaka kwake.

Babu yako mdogo,
Guyo