Chapa za Chakula cha Bibi

Jumatatu, 3 Machi
Chapa mbili leo, biringanya na mkate wa Pasaka: nachonga, napaka wino, nagandamiza karatasini. Chumba baridi, wino umekuwa mzito. Baba hakugusa uji. Tangu apate kiharusi Kiswahili kimemtoka, Kifaransa pia. Kimebaki Kigiriki, neno mojamoja, na mimi sikujifunza. Maonyesho ni Jumamosi, ukumbi wa parokia huko Koekelberg, mtaa wa pili huku ughaibuni. Vyakula vya Bibi, mama yake Baba, aliyetoka Ugiriki kuolewa Moshi na mkulima wa kahawa. Zimebaki chapa tatu. Sina hamu.

Jumanne, 4 Machi
Hajala. Nilimlisha kijiko kwa nguvu, akanitemea. Nikampigia kelele. Baba yangu. Naona aibu hata kuandika.

Jumatano, 5 Machi
Daktari amekuja. Hali ikiwa hivi mpaka Jumatatu, ni hospitali, mrija tumboni. Alisema kwa upole na nikamchukia. Kaka kapiga simu kutoka Arusha: "Dada, fanya wanavyokwambia." Rahisi kwake.

Jioni nilimtandazia Baba chapa zote kitandani. Samaki, biringanya, supu ya limau, dolma ya wali na nyama ndani ya jani. Aonyeshe kwa kidole tu, nitapika. Akageukia ukutani. Nilizikusanya. Mbili nikazichana.

Alhamisi, 6 Machi
Sitaki maonyesho tena. Namsherehekea Bibi vipi, na mwanawe anakufa njaa nyumbani kwangu?

Maman Béa, jirani wa chini, mtu wa Lubumbashi, kaleta supu. Baba kafumba mdomo. Maman Béa akaokota chapa ya dolma aitazame. Baba akamnyang'anya! Akaanza kulikwaruza jani kwa ukucha. "Ohi." Hapana. Hilo neno nalijua. "Ohi, ohi." Mpaka karatasi ikatoboka. Analia. Mimi nalia.

"Anakatala majani, maman," Maman Béa akasema. "Ona, nyama haigusi."

Nilichora jani la mzabibu. Nililitoa kwenye kitabu cha mapishi, lina umbo zuri. Moshi, Bibi angelipata wapi? Wali na nyama alivifunga kwenye majani ya maboga. Nimevila utoto wangu wote.

Ijumaa, 7 Machi
Maduka ya Wakongo, moja baada ya jingine. Matembele yapo. Sombe, kisamvu chao, ipo. Majani ya maboga hakuna. Mvua, miguu imelowa, karibu nikae chini njiani nilie. Duka la mwisho yalikuwepo, yaliyogandishwa, yamekunjamana. Yakanichanikia mikononi. Nikafungia wali na nyama hivyohivyo, nikakaza kwa uzi.

Baba alinusa kwanza. Muda mrefu. Kisha akala moja. Akaelekeza kidole kwenye sufuria.

Nilitoka chumbani ili asinione.

Halafu nikachonga kipande kipya cha lino, ule ubao laini wa chapa. Jani pana, lenye vinyweleo, lililochanika pembeni.

Jumamosi, 8 Machi
Sikwenda. Maman Béa alipanda asubuhi, amevaa kitenge cha kanisani. "Bon, nitazipeleka miye. We bakia na papa." Akaondoka nazo chini ya mwavuli, ile ya majani ya maboga juu kabisa, wino bado mbichi.

Baba kala, kidogo kuliko jana. Daktari atasemaje Jumatatu, sijui. Sasa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya blanketi. Nimeufunika.

Sahani ilibaki na nusu ya dolma. Nimeila nimesimama jikoni. Chumvi haikutosha.