Kuni za Yaya Kalombo

Yaya Kalombo,

Treni imefika na barua yako. Mvua imeanza, muhindi yetu imeota. Mama angali analala, tumbo inamuuma.

Unasema tangu weye na bagarde wenzako, balinzi ba pori, mulikataza kukata miti, maji imerudi mu kijito. Njo kweli, minyi mwenyewe ninateka pale. Lakini dokta alisema mama anywe tu maji ya kuchemsha, na makala yetu ya kupikia mulinyanganya ku barrière yenu ya barabara. Kamyo za mbao za bakubwa ba serikali, zile munaziacha zinapita.

Basi, leo nilipasua kitanda chako, kile baba alikuchongea. Kiliwaka muzuri. Mama alikunywa, akauliza kuni zimetoka wapi.

Nilimwambia: Kalombo njo ametuma.

Mudogo wako,
Tshala