Mkono Nyuma ya Mgongo

Februari 4

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, hofu yetu ni kwenu huko hospitalini. Mdogo wangu, Bwana Mkubwa wetu, anaendeleaje? Mwambie kijiko chake nimekificha, hakuna atakayekigusa. Baba anajifunza kupika. Jana alitia chumvi kwenye chai, akasema ndio mtindo mpya. Tukainywa hivyo hivyo.

Mama, usinionee huruma kwa kuwa majaribio ya dawa yanachukua watoto wadogo tu. Ugonjwa wetu ni mmoja, uti wa mgongo unashindwa kuiamuru misuli, ila yeye ana miaka mitatu na mimi kumi na minne. Atangulie. Mimi nitafuata, magurudumu ya kiti changu ninayo tayari.

Binti yako

Machi 11

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, tunashukuru. Mdogo wako alichomwa sindano ya mgongoni, akalia mpaka sauti ikakauka. Watoto wengine wanatiwa dawa, wengine wanachomwa tu bila dawa, na hata daktari wetu haambiwi nani kapata nini.

Jana walimpima: akae mwenyewe mkekani bila kushikwa. Mpimaji alipogeuka kuchukua saa yake, nilipitisha mkono chini ya fulana, nikamwegemeza mgongo. "Hodari! Umekaa kama mzee wa baraza!" mpimaji akasema, akaandika.

Usimwambie baba yako. Niliogopa wakiona hajiwezi watatufungasha virago.

Mama yako

Machi 19

Mama,

Shikamoo. Usinicheke mwandiko, kalamu imekuwa nzito siku hizi.

Nasema kwa adabu, Mama. Mkono ule haukuwa wa Bwana Mkubwa. Wakiandika kwamba dawa imemkalisha, nayo haijamkalisha, wataisifu bure. Siku zamu yangu ikifika, nitachomwa mgongoni nitiwe dawa ambayo kumbe ilikuwa mkono wako.

Waambie, nakuomba. Wakiwafukuza, rudini, lawama nitabeba mimi.

Binti yako anayekupenda

Mei 2

Mwanangu,

Marahaba. Unisamehe kimya hiki. Nilikukasirikia wewe, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

Nimewaambia. Mpimaji alivua miwani, akakifuta kipimo kile. Hawakutufukuza. "Mama, hapa mtoto hafeli," akaniambia. "Tunayoipima ni dawa."

Leo wamerudia. Niliikalia mikono yangu yote miwili. Mdogo wako akakaa, akayumba, akanitafuta kwa macho. Sikwenda. Akaanguka ubavu kwenye mto, nao wakaandika alivyoanguka.

Kama katiwa dawa, sijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya kuanguka alikaa peke yake kidogo, kama mtu anayesita mlangoni.

Mama yako

Mei 10

Mama,

Shikamoo. Mwandiko ni wa Baba, maneno ni yangu; kaapa hataongeza lake. (Siku hizi natia sukari. – Baba.)

Nimemweleza yote. Akasema hata yeye angeweka mkono.

Kalamu imenishinda wiki hii. Usilie, Mama, na usimharakishe Bwana Mkubwa. Akianguka, waache waandike. Ila siku ukimkuta mpimaji ana nafasi, muulize foleni ya sisi wakubwa inaanzia wapi, nije niiwahi.

Binti yako, kwa mkono wa Baba