Eda Imekwisha, Toka Juani Kabla Hawajakukata Shingo

Mke mwenzangu Somoe,

Umenitupa. Idi mbili zimepita sijaona hata kivuli chako, na ukipiga simu, "Bibi sijambo," umekata. Hujambo gani? Usinidanganye mimi niliyemwogesha mama yako akiwa mchanga. Maneno haya anayaandika Bi Mwajuma wa nyumba ya pili, maana kalamu siijui. Nikisema andika "mjinga wewe," anaandika.

Nimesikia kwa mjomba wako kwamba rovu lako la shingoni limekua, na hospitali ya huko Dar italitoa lote. Hukuniambia. Nimekaa na habari hiyo peke yangu mpaka chai ikapoa. Siku hizi mtangazaji wa redio akisema habari za asubuhi, namjibu.

Unakumbuka langu lilipotolewa? Ulikuwa binti wa sekondari, ukalala nami wodini, chini, kwenye mkeka. Nilikuwa nimetoka eda ya babu yako, na eda yangu unaijua: chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa kanga, jua silioni. Nikatoka humo moja kwa moja kwenda kukatwa. Baada ya kisu midomo ikaanza kunichonyota kama imeumwa na siafu, vidole vikajikunja vikawa gando la kaa. Wifi yangu, Bi Zainabu, akasema, "Huyo ni kaka yangu. Anamtaka mkewe." Akaninywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nikanywa lote. Vidole vikazidi kukaza.

Wewe ukamfokea, "Babu angemtaka angemshika mkono, asingemvunja!" Ukatoka mbio kumwita nesi. Wakanitundikia dripu ya kalsiamu, vidole vikafunguka kimoja kimoja mkononi mwako. Ulikuwa unalia na kunitukana: "Bibi, ukifa nitakuua."

Daktari akatueleza. Nyuma ya tezi la shingo kuna vitezi vidogo kama punje za mchele, ndivyo vinavyolinda kalsiamu ya damu. Tezi likiwa kubwa, tena likitolewa lote, vile vidogo huumia, au hutoka nalo. Wanawake hupatwa zaidi. Na mwili ulioingia kwenye kisu bila vitamini ya jua hauna akiba. Akaniuliza, "Bibi, ulikuwa ukikaa juani?" Nikamjibu, "Mjane akae juani anamtafuta nani?" Akacheka. Kisha akasema, angejua mapema angenipima damu na kunianzishia vidonge kabla.

Sasa jitazame. Mwanamke, rovu kubwa, linatolewa lote. Na eda ya mumeo imekwisha, Somoe, lakini mwenyewe umebaki ndani. Nani kakufunga? Marehemu alikuwa mtu mwema, alikula bada yangu ya muhogo bila kukunja uso. Lakini kilio hulilika hata uani. Dini imekufungulia mlango, wewe umeurudishia.

Nami nilipotoka hospitali nilirudi kujifungia vilevile. Ukanivuta miguu mpaka nikatoka kitandani, ukaniweka barazani, ukanisuka huku unaimba vibaya mpaka majirani wakalalamika. Huko uliko hakuna wa kukuvuta miguu. Hilo ndilo linalonikaa kooni, kubwa kuliko rovu.

Basi nenda kwa daktari wako kabla ya siku ya kisu. Mwambie ulikaa eda na mpaka leo hutoki. Mwambie na bibi yako vidole vilikaza. Akupime hiyo kalsiamu na hiyo vitamini ya jua. Na ukishakatwa, midomo ikianza kuchonyota au vidole kufa ganzi, piga kelele, waite manesi wote. Akija mtu na kombe, mwambie aliweke, halina haraka. Usione haya. Haya haijamponya mtu.

Mimi sina mwingine wa kunifokea, mke mwenzangu. Mume wetu ametangulia, na wewe sijakupa ruhusa.

Ukipona, njoo. Panda basi la alfajiri ufike hapa Masoko jua lingali juu. Mizigo mpakie bodaboda itangulie. Wewe tembea, polepole, na usikatize vichochoroni kwenye kivuli. Nitakuja kukupokea njiani.

Bibi yako, mke mwenzako