Springi za Nyuma na Kitambaa cha Mama

Mama Nafula,

Jumamosi iliyopita, pale kwa matuta ya barabarani Kamukuywa, nilipoteza heshima yangu mbele ya mama yako. Naanza na hilo kwa sababu najua limeshakufikia, tena limetiwa chumvi. Hamjambo lakini huko Matulo? Macho ya mama je? Mimi na Nafula hapa Kitale tu wazima. Sikupigi simu kwa sababu wewe huiweka kwa spika, na mama huketi hapo hapo.

Nilimchukua kwa dada yake hapa mjini nimrudishe nyumbani. Unajua tunavyoheshimiana: mkono hatupeani, macho hatukutanishi. Basi asubuhi nikaosha gari hadi ndani, nikatoa yale magunia mawili ya mchanga. Ati mama mkwe aketi na mchanga kama mzigo wa mjengo? Kioo cha kutazama nyuma nikakigeuzia paa, nisimwone. Na fundi alikuwa ameniambia wazi siku aliyotoa springi za koili akaweka za majani, zile za vyuma bapa vinavyopandana: “Mzee, hizi ni za mzigo. Ukienda tupu bila mchanga, itakurusha kama punda.”

Tuta la kwanza nilipita polepole. La pili rangi ilikuwa imefutika, sikuliona. Nyuma iliruka. Mama alikuwa ameinama akitafuta miwani, akaja mbele mzima mzima: mkono shingoni mwangu, kitambaa chake cha kichwa magotini pangu. Alisema neno moja tu, “Simama.” Akashuka kichwa wazi mbele ya soko lote. Jamaa wa boda anayetujua akapaza sauti, “Niaje mkwe! Si mngengoja mfike nyumbani, bana?” Watu wakavunjika mbavu. Kumpa kitambaa kwa mkono siwezi. Nikakiweka juu ya boneti, nikarudi nyuma, akakichukua, akapanda boda.

Sasa umenitumia ujumbe ati nirudishe koili. Ni rahisi kusema. Nikiwa na koili nilibeba magunia manne ya viazi, nyuma ikiburuta, taa zikimulika miti. Sasa nabeba saba na tairi hazigusi bodi. Hayo matatu ya juu ndiyo karo ya Nafula, na hakuna mtu alinipa gari hili. Lakini sikudanganyi: barabara ikilowa na gari likiwa tupu, nyuma inateleza, na pale fundi alipochomelea nachungulia kila mara kama pamepasuka. Anasema anaweza kupunguza majani matano yawe matatu. Nitabeba magunia matano, na abiria hatarushwa sana. Si wewe uliniambia niweke za majani, tuache aibu ya gari kuburuta? Mbona leo aibu ni yangu pekee?

Ijumaa mama anapasuliwa macho Bungoma. Mtu aliyefungwa macho si wa kubebwa na boda. Dada yangu mkubwa ameshanunua shuka ya kufuta aibu hiyo, ataileta amwombe msamaha kwa niaba yangu. Mimi nitabaki nje ya lango.

Nisalimie baba mkwe, mbegu zake za maharagwe nimezipata. Shangazi yako pia, hata kama ndiye anayeeneza habari.

Fundi ana nafasi Alhamisi asubuhi tu. Kwa hivyo usinijibu “tutaona”. Muulize mama: springi zikipunguzwa, Ijumaa atapanda gari langu au hapandi? Nataka ndio au hapana, kabla ya Jumatano saa kumi jioni.

Mumeo,
Wafula