Nyumba Tuliyoichora Jangwani

Jumapili, mwisho wa mwezi wa nane. Joto limeanza kurudi, na upepo umebeba vumbi tangu asubuhi. Macho yananiwasha. Nikiulizwa nasema ni vumbi.

Leo nimempeleka Mama Jangwani.

Mtu asiyeijua Lubumbashi atauliza jangwa gani, maana mvua yetu ikianza haina mzaha. Lakini upande wa nyuma wa tanuru la shaba kuna ardhi ambayo moshi ulipita juu yake miaka na miaka, mpaka miti ikafa, nyasi zikafa, udongo ukabaki uchi. Sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi tulipaita Jangwani. Wakati wa Kwaresima padri alituongoza pale kwa Njia ya Msalaba, na mimi mpaka darasa la sita niliamini kabisa kwamba shetani alimjaribu Yesu palepale, karibu na kichuguu kikubwa. Hakuna aliyenisahihisha.

Baba alifanya kazi kwenye tanuru lile. Upepo ukigeuka, moshi ulishuka mpaka uani kwetu ukatuachia ladha ya chuma ulimini. Tulikohoa, naye alicheka akisema, "Ile ni bukari inapita," yaani ugali wetu. Na kweli, moshi ukitoka, mposho wa kampuni ulitoka: gunia la unga, samaki wakavu, mafuta, na Mama akirudi na mzigo kichwani, anatembea polepole ili majirani wamwone vizuri. Leo najua moshi ule uliufanya nini udongo, na labda kifua cha Baba pia. Hata hivyo niseme ukweli wangu hapa, kwa kuwa sijui pa kuusema pengine.

Ninaukumbuka moshi ule kwa hamu.

Mwezi uliopita msanii mmoja wa Kipushi, anaitwa Trésor, alipita kwetu Katuba akitafuta familia zilizowahi kukaa kambini. Kambi yenyewe ipo, ila nyumba zimeuzwa, zimeongezwa vyumba, zimezungushiwa kuta ndefu. Ukipita huitambui hata moja. Yeye alitaka kila familia iichore nyumba yake ya zamani pale Jangwani, chini kwenye udongo, kwa ukubwa wake halisi, kwa kokoto nyeusi zilizobaki kwenye tanuru. Kuta ziwe mistari, milango iwe nafasi wazi, na watu waje kutembea humo. Nilimuuliza kama hiyo nayo ni sanaa, maana mimi nimezoea sanaa ya kutundikwa ukutani. Akanijibu kwamba nikimaliza nitamwambia mimi.

Familia nane zilikubali. Mimi nilipiga magoti siku tatu na ndoo yangu ya kokoto. Nyumba ilitoka ndogo mno. Nikaifuta, nikapima upya kwa hatua, ikatoka ndogo vilevile. Basi, ilikuwa ndogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipohama, na watu saba tulilala mle tukiona ni ikulu. Kuhusu dirisha la jikoni nilibishana kwenye simu na kaka yangu Dieudonné aliyeko Kolwezi mpaka salio likaisha. Yeye anasema lilitazama bomba la maji. Nimeliweka nilipotaka mimi. Yeye si yuko Kolwezi?

Jana kazi ilipoisha nilisimama katikati ya chumba cha watoto. Jua lilikuwa kali na hakukuwa na paa. Lakini nilijua upande wa kulia ni wa mdogo wangu, na kushoto ni ndoo ya maji ambayo hutakiwi kuigonga. Sikutaka kutoka. Nilikaa mle mpaka Trésor akaanza kupakia vifaa vyake.

Mama hakutaka kuja kuiona. Tangu tuhame hajakanyaga upande ule. Hata basi likipita barabara ya kambi hugeuza uso. Siku zote nilidhani ana uchungu na kampuni. Wiki nzima nilimbembeleza, mwishowe nikatumia hila: nikamwambia majirani wa zamani watakuwepo na watauliza mbona yeye hayupo. Mama anaogopa masengenyo kuliko malaria. Akavaa kikwembe kipya, akanifuata.

Wageni wa mjini walikuja na simu zao wakakatisha kuta zetu kana kwamba hazipo. Wazee wa kambi, hapana. Wao walizunguka mpaka mlangoni, wakapiga hodi, wakangoja kukaribishwa. Mzee mmoja mrefu aliinama kabisa ili asigonge kichwa juu ya mlango. Hapo nilitaka kumwita Trésor nimwambie kwamba ndiyo, ni sanaa.

Mama alivua viatu mlangoni. Alipita sebuleni, akaingia chumba chao yeye na Baba, akasimama. Nilimfuata nikitegemea sifa, kwa sababu nilikuwa nimechora hata kitanda. Alikitazama. Halafu akasema, "Munipatie balai."

Fagio lilikuwepo karibu. Trésor alilitumia kufuta nyayo za wageni. Nilimpa Mama bila kuwaza, nikidhani ameona uchafu, maana yeye hata kanisani huona uchafu. Akaanza kwenye kona ya kitanda. Kitanda kikaenda. Akasogea, ukuta wa chumba ukaenda. Alikuwa anafagia kwa mwendo uleule wa asubuhi zote za utoto wangu, mkono mmoja mgongoni.

Trésor alikuja mbio, akaniita kama mkubwa wake. "Yaya, mais bantu bengine banakuya saa kumi. Itabakia nini?"

Nami, nakiri, nilikuwa nimeshaushika mpini wa fagio. Siku zangu tatu, magoti yangu, chumba changu. Mama hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayemweleza mtoto mdogo.

"Mu hii nyumba kilio haikuishaka," akasema. "Tuliacha majivu ya moto mu lupango. Ni nani alifagia?"

Ndipo nikakumbuka. Baba alifia kambini. Nyumba ilikuwa ya kazi, na aliyekuwa na kazi ameondoka, kwa hiyo tulipaswa kuirudisha kabla mwezi haujaisha. Baba mdogo alipata lori la kuazima, la siku moja tu. Siku hiyo ikaangukia katikati ya kilio. Kwetu, watu wakiwa bado wamelala chini kwa ajili ya marehemu, nyumba haifagiwi. Majivu ya moto wa uani yanakaa, maganda ya karanga yanakaa. Siku ya kumaliza ndipo wanawake wanafagia, kuanzia chumba cha ndani mpaka barabarani, wananawa mikono, na kila mtu anarudi kwake. Sisi tulipakia vitanda juu ya lori na kuondoka. Mimi nilifurahi kupanda lori. Nilikaa juu ya magodoro nikiwapungia wenzangu mkono.

Mama hakuwa na uchungu na kampuni. Alikuwa bado yuko kwenye kilio, miaka yote hii, Katuba, akipika na kwenda misa, na mimi niko naye nyumba moja sijui.

Niliachia mpini.

Mama alifagia chumba chake, akafagia sebule, akafagia chumba cha watoto. Pale nilitazama pembeni. Wanawake wawili waliokuwa majirani zetu waliacha nyumba zao, wakaja, wakainama, wakafagia kwa mikono na matawi makavu. Trésor alishusha kamera yake. Walipofika mlangoni, kokoto zote zilikuwa lundo moja njiani. Mmoja akatoa chupa ya maji, wakanawa.

Mama akavaa viatu. "Sasa tumehama," akasema.

Wageni wa saa kumi walikuta nyumba saba na kiwanja kitupu. Walikanyaga katikati yake wakielekea kwa jirani, na hakukuwa na sababu ya kuwazuia.

Mama amerudi mchangamfu. Njiani alinunua mahindi ya kuchoma, akaniambia nimekonda, akauliza kama ni kweli Dieudonné anadai dirisha lilitazama bomba. Nikamwambia ndiyo. Akasema Dieudonné ana haki, lilitazama bomba.

Nimefurahi kwa ajili yake, kwa moyo wote. Lakini nimefika nyumbani nikafunga mlango wa chumba changu nikalia, na kilio changu hakikuwa cha Baba. Mimi nilitaka nyumba ibaki. Sikumwambia Mama kwamba mimi bado sijahama. Nitamwambia kesho tukinywa chai, kama nitapata moyo wa kuanza.